Wosia wa Bi Ernestine

Kwenye basi la kwenda mahakamani, mjini Cleveland, Marekani, Wilbert alijifanya anatazama theluji, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele.

"Mwenye nyumba anataka kunitoa, kesi ni leo," Bi Ernestine alimwambia mzee aliyeketi naye. "Jumamosi nikaenda kanisani kwa wale mawakili wa bure."

"Watu wa Mungu hao, dada. Wamekusaidia?"

"Niliyempata huandika wosia wa matajiri. Kesi za nyumba hazijui. Basi kaniandikia wosia."

Wilbert akameza kicheko.

"Usiwabeze, wamejitolea!" mzee akamkemea.

"Nani kabeza? Wosia mzuri, una mhuri. Binti yangu atarithi kochi."

"Na leo nani anakutetea?"

Basi likasimama mbele ya mahakama. Bi Ernestine akainuka. "Nikifa mle ndani, nimeshajipanga. Nikitoka mzima ndiyo sina pa kulala."