Saa Kumi na Saba Zilizopotea

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kumfuata, kuwasimulia maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Nakala, maana hakuchoka kuuliza watu kama wana nakala, hata ya risiti ya viatu.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Novemba 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi saa na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, sekondari hadi 1981, na mwaka 1984 akahitimu stashahada ya takwimu akiwa msichana pekee darasani, jambo ambalo mama alilitangaza mtaa mzima na baba akajifanya hasikii.

Februari 1985 aliajiriwa masjala ya hospitali kuu kupanga mafaili ya wagonjwa, na tarehe 17 Desemba 1988 akafunga ndoa na fundi umeme wa hospitali hiyo hiyo, aliyebadili taa ya masjala mara nne katika wiki moja ingawa haikuwa imeungua, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Kompyuta zilipoingia, mwaka 1998, alipelekwa mafunzoni, akarudi kuwa msimamizi wa kanzidata, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta, lenye rekodi za dawa na vipimo vya kila mgonjwa.

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Oktoba 2009, saa tatu asubuhi, diski za seva, kompyuta kuu iliyobeba kanzidata hiyo, zilikufa. Marehemu alirudisha nakala ya akiba ya Jumapili kwenye diski mpya, akaanza kuijazia kwa kumbukumbu za mabadiliko, zile faili zinazoandika kila kilichoingia baada ya nakala kuchukuliwa, akaenda vizuri kwa faili za Jumatatu nzima, na za Jumanne hadi saa kumi alasiri, hapo mtambo ukasimama ukidai faili inayofuata. Aliitafuta kwenye kila diski na kila kanda, haikuwepo, wala zilizoifuata hazikuwepo, na hapo akakumbuka kwamba Jumanne hiyo yeye mwenyewe alihamisha mahali pa kuzihifadhi, asihakiki kama zinafika.

Ilibaki njia moja, kuifungua kanzidata na upungufu wake, ianze upya kuanzia pale, na ikishafunguliwa hivyo, hata faili zikipatikana kesho haitazipokea tena. Korido zilikuwa zimejaa wagonjwa, dirisha la dawa limefungwa, na mkurugenzi wa hospitali, aliyesimama nyuma ya kiti cha marehemu, alikuwa akimhimiza afungue tu, watu watangaziwe kwamba mtambo umepona, mengine yarekebishwe kimyakimya. Marehemu alitoa mikono kwenye kibodi, akamgeukia.

"Umepona na pengo la saa kumi na saba, na pengo hilo ni kosa langu," alimwambia. "Tusipolisema, litaua mtu."

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa. Marehemu alitunza kando nakala ya kila alichokuwa amerudisha, akafungua saa tano na dakika arobaini, akatangaza kwamba asipewe mtu dawa kabla kompyuta haijalinganishwa na karatasi za matibabu za wodini, akaanza kupita wodi kwa wodi pamoja na wauguzi, wagonjwa mia mbili na kumi na wawili.

Kufikia saa nane mchana alibaki mmoja, mama wa wodi ya figo, ambaye karatasi yake haikuonekana. Kompyuta ilionyesha dawa ya moyo, saa ya dozi ilikuwa imepita, muuguzi amesimama na kikombe cha dawa mkononi, na daktari wake alikuwa mapumzikoni. Marehemu alimsihi muuguzi asubiri, akapiga simu mara tatu bila kujibiwa, mara ya nne daktari akapokea.

"Hiyo niliisimamisha jana jioni," alisema. "Akiinywa, moyo hautahimili."

Muuguzi alikiweka kikombe mezani taratibu, na marehemu akaketi sakafuni palepale. Mama yule aliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku tisa.

Marehemu aliandika taarifa bila kuisingizia mashine, akapewa barua ya onyo, cheo kikachelewa miaka minne, na tangu hapo kila Ijumaa, hadi alipostaafu Novemba 2021, alirudisha nakala kwenye seva ya majaribio na kuifungua, aone kwa macho yake.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa pembeni. Wiki moja kabla, tulimuuliza angependa kisomwe nini, naye akasema, "Kosa langu lisomeni. Mkiliruka, mtakuwa mmemzika mtu mwingine."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliopokezana zamu za kumkesha, na wafanyakazi wenzake waliofika na kuketi naye hata alipokuwa hawezi tena kuzungumza. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Dada, tumesoma yote. Lala sasa, kwa amani.