Mji, Chupa na Mlango: Mama Marta Anaaga Wodi ya Wazazi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Marta Shemndolwa, muuguzi mkunga, anavua gauni lake jeupe baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, yote katika kituo chetu cha afya hapa juu ya barabara ya Mlola. Mimi nimekuwa naye wodi ya wazazi kwa muda mrefu, ndiyo maana wenzangu wamenituma niandike.

Alizaliwa Mlola, kwa wakulima wa viazi na maharage. Alipopangiwa hapa kituo kilikuwa na vyumba vitatu, na ukungu uliingia mpaka ndani. Asubuhi zetu bado ziko hivyo. Ukungu hupanda kutoka bondeni, ukafuta migomba, ukafuta ngazi, mpaka kituo kizima kikaonekana kinaelea. Katika weupe huo Mama Marta hutokea na sweta lake la bluu, sauti yake ya "Onga makeo", salamu ya asubuhi ya Kisambaa, ikifika kitandani kabla ya uso wake.

Wengi watamkumbuka kwa maneno. Mja mzito akiogopa, Mama Marta alimketisha karibu na dirisha, akamsimulia polepole kwamba mtoto naye ana mji wake, ndiyo maana tukasema mji wa mimba. Ndani ya mji huo analala kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu. Na mji una mlango, lakini haugongwi. Hufunguka wenyewe wakati ukifika. Kitovu alikipenda kuliko yote: kwa mtoto ni alama ya alikotoka, na sisi wakubwa tukisema kitovu cha mji, ni pale watu wote wanapokutana. Wapo waliosinzia katikati ya masimulizi hayo, uchungu ukiwapa nafasi. Mama mmoja aliwahi kumuuliza kama huo mji una soko. Akafikiri kidogo, akajibu kwamba soko halipo, kila kitu huletwa nyumbani.

Mwezi Julai, miaka tisa iliyopita, Rehema, mke wa Zuberi mkulima wa kabichi, alijifungua binti kabla ya miezi yake kutimia. Mtoto alienea kwenye viganja viwili. Mara Rehema akaanza kuvuja damu, ikabidi gari la wagonjwa limkimbize hospitali. Njiti yule asingeistahimili baridi ya njiani, akabaki nasi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mashine ya joto ilikuwa sanduku tu. Nilimshika miguu, nikaikuta inapoa.

Mama Marta alimwita Zuberi, aliyekuwa amesimama upenuni.

"Vua koti na shati, mwanangu."

"Mama, mimi ni mwanamume," Zuberi alisema. "Nitamwangusha."

"Huyu ametoka mjini mapema, na pengine pa kukaa hana. Kifua chako ni kitongoji. Ni kidogo, lakini kina joto."

Zuberi alifungua vifungo. Tulimlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, tukamfunga kwa kanga, Mama Marta akavua sweta lake na kuwafunika wote wawili. Zuberi alikaa kama aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

"Pumua, baba," Mama Marta alimwambia. "Anakusikiliza."

Tulikaa hivyo, dirisha likiwa jeupe tupu. Mchana ulipoanza kuinama nilimgusa tena mtoto miguu, ilikuwa na joto. Kisha akapiga chafya. Zuberi alilia bila sauti, asithubutu kuinua mkono ajifute.

Alimbeba binti yake mpaka Rehema alipopona na kurudi, nasi tukamwita mwenyekiti wa kitongoji. Binti huyo, Mariamu, sasa yuko shule ya msingi, na wanasema hanyamazi.

Baada ya hapo Mama Marta hakumpa mganga mfawidhi raha mpaka stoo ya magodoro ikawa chumba cha njiti na wazazi wao. Baba wengi wamekaa humo vifua wazi, wengine wakiimba nyimbo za kanisani, wengine kaswida. Si kila mtoto alibaki. Siku tulipompoteza mmoja, Mama Marta alikwenda peke yake uani, akasimama ukunguni, kisha akarudi, akanawa mikono, akauliza nani anafuata.

Tulipomuuliza atafanya nini akistaafu, alijibu kwamba atalala. Maana miaka yote hii amelala sikio moja likiwa macho, akingoja hodi.

Mama Marta, asante kwa mikono yako. Uende salama Mlola, uwe na afya na amani. Tunakutakia usingizi mrefu, mpaka jua lipande kitandani kwako, na akija mtu kupiga hodi, awe amekuja kukuletea chai.