Siku Kumi na Mbili za Clementina Ildefonce

Baba Padri, waombolezaji mliotoka Lawrence Heights, Agincourt na kwingineko hapa Toronto, na ninyi mliosafiri kwa gari kwa muda wa saa kumi na moja kutoka kaskazini ili kuja kulia pamoja nasi, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba radhi mapema, kwa sababu karatasi hii imeandikwa na watu waliochoka, na pale ambapo wengine wangeweka sifa sisi tumeweka tarehe, maana miaka ya mwisho ya marehemu ilikuwa miaka ya tarehe. Anayesoma ni mdogo wake, Prudence, na mtamsikia akitajwa humu kwa jina kama wengine, kwani baadhi ya mambo aliyoyafanya ni rahisi kuyasoma yakiwa ya mtu mwingine.

Marehemu Clementina Ildefonce Rugaiganisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika kijiji cha Kashozi, Bukoba, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa Mwalimu Ildefonce Rugaiganisa na Mama Anastella, na kwa kuwa alikuwa wa kwanza alipewa kila kinachopewa mtoto wa kwanza, yaani jina la bibi yake, ufunguo wa stoo, na lawama za wadogo zake wote. Baba yao alikuwa mtu aliyelipia sukari dukani kabla haijapimwa, na msemo wake kwamba dawa ya deni ni kulipa watoto wake waliujua kabla hawajaijua Baba Yetu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kashozi kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, akaendelea na sekondari Bukoba hadi 1998, kidato cha tano na cha sita Tabora hadi 2001, kisha akasoma ualimu na saikolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 2004. Alifundisha sekondari Mwanza, na huko ndiko alikokutana na Evans Kalokola, fundi wa majokofu katika kiwanda cha samaki, ambaye alimchumbia miaka miwili huku akinuka sangara, na marehemu alikuwa akisema kwamba mtu ukimpenda akiwa na harufu hiyo basi hakuna cha kukutenganisha naye. Walifunga ndoa takatifu Bukoba tarehe 29 Desemba 2007, wakahamia Toronto tarehe 4 Oktoba 2010 baada ya Evans kupata kazi ya ufundi wake, na tarehe 2 Juni 2012 Mungu akawajalia mtoto wao mmoja, Sara, ambaye anaelewa Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza.

Vyeti vya marehemu vilipokelewa hapa kama wengi wenu mnavyojua vyeti vyetu hupokelewa, yaani vilitazamwa, vikasifiwa, vikarudishwa. Alifanya kazi ya msaidizi wa darasa kwa watoto wenye mahitaji maalumu, akiwaandalia viti wataalamu waliokuja mara moja kwa mwezi kusema kile ambacho yeye alikuwa amekiona siku ya kwanza, na mwezi Septemba 2014, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, alirudi shule kwa mkopo wa wanafunzi ili awe mwanasaikolojia wa shule. Alimaliza shahada ya uzamili mwaka 2018, na miaka yote hiyo Sara alitunzwa mchana na jirani yao, Mama Nilofar, mzaliwa wa Upanga, ambaye alimlisha chapati na kumfundisha hesabu, na ambaye leo amekaa na wafiwa mstari wa mbele, mahali pake.

Deni la mkopo huo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Evans hakupenda kulitaja kwa tarakimu, aliliita tu lile jambo. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2019, kwenye mkutano wa kuajiri uliofanyika North York, marehemu alikuta meza ya bodi moja ya shule ya kaskazini, ambayo ilikuwa imekaa miaka mingi bila mwanasaikolojia na bila mtaalamu wa tiba ya viungo, na bodi hiyo ilikuwa ndani ya mpango uliosema hivi, njoo utumikie miaka mitano mfululizo, na mkopo wako wote utasamehewa. Alirudi nyumbani na karatasi zile, wakazisoma mezani wote watatu, Sara akikaribia miaka saba, na marehemu akamwekea mtoto ahadi mbele ya baba yake kwamba siku atakapotimiza miaka kumi na miwili mama yake atakuwa amekwisha kurudi, au atakuwa njiani, na kwamba hatamwacha aanze sekondari bila mama ndani ya nyumba.

Alianza kazi tarehe 3 Septemba 2019, Evans na Sara wakibaki Toronto, shule sita peke yake, shule ya karibu dakika ishirini na ya mbali saa mbili na nusu juu ya barafu, akifuatana mara nyingi na Shamir, kijana wa tiba ya viungo aliyeajiriwa kwa mkataba ule ule, na utani wao ulikuwa kwamba Shamir anashughulika na watoto wasioweza kusimama na yeye anashughulika na wasioweza kukaa. Kulikuwa na mtoto wa kike ambaye kwa mwaka mzima hakutoka chini ya meza, na marehemu, badala ya kuinama na kumbembeleza kama walivyofanya wengine, aliingia naye chini ya meza na kuandikia ripoti zake huko huko, Jumanne baada ya Jumanne, mpaka mtoto alipomuuliza kwa nini kalamu yake haiishi wino. Mama wa mtoto huyo yuko hapa, amekuja kwa basi, na hajui neno hata moja la haya tunayosoma, ila jina la Clementina likitajwa anainua kichwa.

Tarehe 9 Januari 2023 baba yao, Mwalimu Ildefonce, alifariki dunia huko Kashozi. Marehemu aliomba ruhusa ya wiki tatu, akaondoka tarehe 10, akazika, na wiki tatu zilipokaribia kwisha akaanza kufunga sanduku lake. Hapo ndipo Prudence, mdogo wake, aliposimama mlangoni na kumwambia, dada, wewe ndiye mkubwa, utaondokaje kabla ya arobaini, tanga ataanua nani, na hawa wajomba watasema baba alisomesha watoto wa Wazungu. Marehemu alijibu kwamba kazini kuna mkataba, na Prudence akamjibu kwamba mkataba na baba ni wa zamani zaidi. Marehemu akaketi juu ya kitanda, akamwandikia mkuu wake wa kazi kuomba nyongeza, na mkuu, mtu mwema ambaye pia yuko hapa leo, alimjibu siku hiyo hiyo kwamba pole sana, kaa na familia yako kwa muda unaohitaji. Kwetu ruhusa ya mkuu wa kazi ni ruhusa, hakuna mtu anayekwenda kuiuliza tena kwa mtu wa pili, kwa hiyo sanduku lilifunguliwa, misa ya arobaini ikasomwa Jumamosi tarehe 18 Februari, ng'ombe akachinjwa, wajomba wakaridhika, na marehemu akarudi kazini tarehe 21.

Aliyempa ruhusa siye aliyekuwa akihesabu siku. Mwezi Mei ilikuja barua kutoka ofisi ya mikopo, yenye kuanza kwa pole za msiba, ikieleza kwamba mtumishi aliye katika mpango anaruhusiwa kukosekana kazini siku thelathini tu kwa mwaka, kwa sababu yoyote ile, na kwamba yeye amekosekana siku arobaini na mbili, hivyo utumishi wake umekatika, na miaka yake mitano imeanza upya tarehe 21 Februari 2023. Miaka mitatu na miezi minne ya nyuma haikuhesabika tena, kwa ajili ya siku kumi na mbili. Alikata rufaa mara mbili, mara ya kwanza akaambatanisha cheti cha kifo cha baba yake, na mara ya pili barua ya paroko wa Kashozi ikieleza arobaini ni nini, na mara zote mbili alijibiwa kwa adabu kubwa na watu tofauti kwamba wanaelewa.

Prudence hakuambiwa. Marehemu alimficha mdogo wake habari hii kwa zaidi ya miaka miwili, akisema tu kwamba kazi imeongezwa, na wadogo zake walimpongeza. Shamir alimaliza miaka yake mitano, akasamehewa deni, akafanyiwa sherehe ya keki katika ukumbi wa shule, na keki hiyo aliyeikata na kuigawa ni marehemu. Tarehe 2 Juni 2024 Sara alitimiza miaka kumi na miwili, na mama yake alimpigia simu, na mtoto alimwambia kwa ile lugha yao ya nusu kwa nusu, it's fine, Mama, nimezoea. Evans anasema kwamba mwaka huo, kila mkewe alipokuja likizo, hakumsikia akilalamika, ila neno hilo nimezoea alikuwa akilirudia peke yake akiosha vyombo.

Ugonjwa ulianza mwezi Machi mwaka huu kwa maumivu ya tumbo na mgongo, na hapa familia inasema wazi, kwa kuwa kunyamaza hakumsaidii mtu, kwamba marehemu alichelewa kwenda kupimwa kwa sababu alikuwa akitunza siku zake. Alingoja shule zifungwe, akapimwa hapa Toronto mwezi Julai, na tarehe 17 akaambiwa kwamba ni saratani ya kongosho na kwamba imekwisha kusambaa. Matibabu yote ya Agosti aliyapanga ndani ya likizo, Septemba akarudi kaskazini akiwa amekonda hata pete ikabidi aivae kwenye mnyororo, na alifanya kazi wiki tano, mpaka Kagendo, mwalimu mwenzake kutoka Meru, alipomkuta amelala sakafuni chini ya meza ile ile, bila mtoto, akamfunga mkanda ndani ya gari lake na kumleta nyumbani bila kumuuliza. Likizo ya ugonjwa iliandikwa kuanzia Jumatatu tarehe 6 Oktoba.

Prudence alikuwa amekwisha kufika tangu Septemba, na ni katika kumuuguza ndipo alipoikuta barua ile ya Mei, ndani ya bahasha ya vyeti. Majuto ni mjukuu, na Prudence alimletea dada yake mjukuu huyo kitandani, akapiga magoti, na marehemu akamwambia, acha, Pru, baba asingezikwa vizuri, na wewe ungenisema mpaka leo. Halafu akauliza leo ni siku ya ngapi. Alikuwa akiuliza hivyo kila asubuhi, siku ya ngapi, akimaanisha siku ya ngapi ya zile thelathini, na kila asubuhi Evans alimjibu kwa ukweli, kwa sababu hakuwahi kumdanganya, kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025 aliuliza tena, na kabla Evans hajajibu, Sara akamshika mama yake mkono na kusema, Mama, stop counting, umefika nyumbani. Ilikuwa siku ya ishirini na tisa. Alifariki saa nane mchana.

Amefanya kazi kaskazini miaka sita na miezi miwili kwa hesabu ya watoto, na miaka miwili na miezi minane kwa hesabu ya ofisi. Juzi Jumatano Evans aliipigia simu ofisi ya mikopo kutoa taarifa, na binti aliyepokea alimweleza kwa upole kwamba mdaiwa akifariki deni lake hufutwa lote, iletwe nakala ya cheti tu. Mazungumzo hayo yalichukua dakika nne. Evans alimshukuru, akaweka simu chini, akaenda kusimama kwenye theluji bila koti mpaka Mama Nilofar alipomtoa huko.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumpa matumaini ya uongo, inawashukuru majirani wa Lawrence Heights ambao tangu Jumatatu hawajatuacha tuwashe jiko, Mama Nilofar na wenzake wa jamatkhana, nyumba yao ya ibada, walioleta chai na birika lake, wanajumuiya mliochanga jeneza na kaburi, na Shamir na Kagendo, na bodi ya shule, na yule mama aliyekuja kwa basi. Kufa kufaana, nanyi mmetufaa. Misa ya arobaini itasomwa hapa Jumamosi tarehe 13 Desemba, na familia inaomba asikose mtu kazi kwa ajili yake, mwenye zamu aende zamu, mwenye mkataba ausome kwanza, kwani hata Prudence, aliyesema kwamba haifai kuondoka kabla ya arobaini, ruhusa aliyopewa na hospitali anakofanya kazi huko Mwanza inakwisha, naye anapanda ndege Jumanne.

Dada Tina, tanga lako ataanua Sara, aliye mkubwa na mdogo wa nyumba yako. Pumzika kwa amani, siku zako zimetimia, na hakuna tena atakayezianza upya.