Pindo la Mikunjo Mitatu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mkurugenzi wa filamu pamoja na waigizaji wako, walimu mliowaleta wanafunzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe binti yangu uliyeandika kitabu, uliyekaa safu ya mbele ukiniangalia kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali: habari za mchana.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezoea kuongea nikiwa na pini mdomoni, na leo natamani ningekuwa nazo. Nimepewa dakika tano nieleze nilivyoshona sare sitini za kijivu za filamu hii. Nitaeleza, ila jamani, msinikimbize.

Kwa wasiosoma kitabu, hadithi ni hii: kuna mji ambao kila nyumba lazima itoe mtoto mmoja akalelewe Mnarani, asirudi. Mama anasaini karatasi, mtoto haulizwi. Mwanangu aliiandika akiwa na miaka kumi na tisa, vijana wakaipenda, na mkurugenzi huyu ameifanya giza tupu, hata jua halichomozi. Nilimuuliza, "Baba, watoto wa watu wataangaliaje mambo haya?" Akanijibu, "Mama, wao ndio walioniambia nisiwafiche kitu." Haya, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kila aliyesoma huniuliza kama yule mama wa kitabuni ni mimi. Nami nacheka, nasema, "Acheni hizo, ni hadithi tu!" Miaka minne nacheka, na kitabu chenyewe nilikuwa sijakifungua. Nilikuwa nakiogopa.

Sasa siku moja kazini, mkurugenzi akaniletea maelezo ya gauni analovaa binti siku ya kuchukuliwa, yamenakiliwa kitabuni neno kwa neno: pindo likunjwe mara tatu. Niliweka mkasi chini. Mafundi wenzangu mliomo humu mnajua, pindo la namna hiyo hashonewi mtoto anayerudi wiki ijayo. Unamwachia kitambaa ili kila akirefuka likunjuliwe kidogo. Ni gauni la miaka.

Na mimi niliwahi kulishona. Mwanangu alikuwa na miaka tisa, tumetoka kumzika baba yake, nyumba imenishinda. Nikampeleka kwa shangazi yake, mbali. Nikamwambia, "Wiki mbili tu, mama, halafu nakufuata." Alikaa miaka sita. Siku zote hizo nilijifariji kwamba aliniamini, kwamba mtoto hajui kitu. Usiku ule wa maelezo ya gauni nilikifungua kitabu, na humo binti anafunua pindo njiani na kuhesabu mikunjo: kumbe mwanangu alifanya hivyo hivyo! Mtoto aliyelelewa chini ya meza ya cherehani, angekosaje kujua? Alijua kabla hatujafika, na bado akanipungia mkono nilipoondoka. Hakunitamkia hata siku moja. Aliandika.

Ndugu zangu, ni nani kati yetu hajawahi kumwamulia mtoto jambo zito, kisha akampa neno tamu ili asilie? Na tulikuwa tunamhurumia yeye, au tulikuwa tunajihurumia sisi?

Basi mbele ya watu wote hawa, kabla taa hazijazimwa: mwanangu, yule mama ni mimi. Sikukuuliza. Nilikudanganya, na nilijua nakudanganya tangu nikiwa nashona. Hali ilikuwa mbaya, ndiyo, lakini ukweli ungeweza kuubeba, maana uliubeba peke yako. Nisamehe.

Sijui macho yako yanasema nini, mwanga huu unaniumiza. Pembeni yako pana kiti chenye kadi inayosema ni changu. Ukiweka mkoba wako juu yake, nitaelewa, wala sitakasirika. Nitakwenda kukaa nyuma na wanafunzi, na filamu nitaiangalia mpaka mwisho.

Mheshimiwa, wageni wetu, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa nashuka.