Hapa Hafi Mtu

ERSILIA: Haloo? Oreste? … Haloo, ni nani huyo?

LOREDANA: Shikamoo, mama. Naitwa Loredana, niko huku —

ERSILIA: Marahaba. Loredana gani? Hiyo simu ni ya mume wangu. Kama umemwibia sema tu, simu yenyewe kimeo.

LOREDANA: Hapana, mama. Niko kwenye bustani ya michezo ya watoto, mimi ni muu— (mikwaruzo) —Mzee Oreste —

ERSILIA: Ana miaka sabini na tatu, binti, na anakoroma. Hakufai. Mpe simu. Mwambie sungura ameshaiva, ugali nitausonga wakifika. Na asiwajaze wajukuu sukari. Leo sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, wanakula nyumbani kama watu.

LOREDANA: Mama —

ERSILIA: Umesema wewe ni nani vile?

LOREDANA: Muuguzi, mama.

ERSILIA: Ni Nives? Nilisema yule mtoto asipandishwe kwenye ma—

LOREDANA: Watoto ni wazima. Wote wawili wako chumba cha pili na mwenzangu. Ni mzee. Alizidiwa, pale kwenye benchi. Anahudumiwa.

ERSILIA: Anahudumiwa.

LOREDANA: Ndiyo, mama.

ERSILIA: Sikiliza, binti. Mimi nimepiga deki wodini, hospitali ya Rovigo, miaka ishirini na saba. Mgonjwa akiwa na nafuu mnasema anaendelea vizuri. Akiwa na hali mbaya mnasema njoo upesi. Hilo la kuhudumiwa mnalisema mkishafunga mlango.

LOREDANA: Mama, mimi sina ruhusa ya —

ERSILIA: Sikuulizi ruhusa. Nakuuliza Oreste.

(Mikwaruzo. Kwa mbali, tarumbeta.)

LOREDANA: Hapa hafi mtu, mama. Ndivyo tunavyofundishwa siku ya kwanza ya kazi. Mtu akikata roho, tunamzungushia mapazia yaliyochorwa dubu wanacheka, tunambonyeza kifua mpaka gari la wagonjwa liingie kwa geti la nyuma. Kifo atakiandika daktari, huko hospitali. Sisi tunasema anahudumiwa. Muziki hauzimwi. Nimembonyeza dakika arobaini, na gwaride la bustani linapita hapo nje.

ERSILIA: Na ulipoanza alikuwa ameshakwenda.

LOREDANA: … Alikuwa ameshakwenda. Pole, mama. Pole sana.

(Mfuniko unagonga sufuria.)

LOREDANA: Mama? Upo?

ERSILIA: Nipo. Nazima jiko.

LOREDANA: Kuna mtu hapo nyumbani?

ERSILIA: Yupo sungura. … Oreste wangu jamani. Alianguka? Nani alimwona?

LOREDANA: Hakuanguka. Watoto walikuwa kwenye foleni ya ile treni ya kupinduka juu chini, leo mtu anasimama muda wa saa moja na nusu. Yeye akawasubiri kwenye benchi, kofia usoni. Mwezi huu mababu wamejaa kwenye mabenchi, wanalala mpaka waje kuamshwa. Nilipita pale saa sita, naenda kwa mtoto aliyeumwa na nyigu. Nikaona jua linamchoma magoti. Nikamsogezea mwavuli, polepole, nisimwamshe. Saa saba nikapita tena, bado amelala. Nikausogeza tena. Watoto waliporudi kumwamsha, hakuamka, ndipo nikaitwa.

ERSILIA: Wewe mwenyewe.

LOREDANA: Mimi mwenyewe. Miaka kumi na tisa ya uuguzi, mama, na sikumgusa hata mkono. Hakuna atakayeniuliza hilo, wala halitaandikwa popote. Roho inaniuma. Nimeona nikwambie.

ERSILIA: Usingoje nikwambie si neno.

LOREDANA: Singoji.

ERSILIA: Labda mwakani. Leo sina. … Watoto wanajua?

LOREDANA: Bado. Nives anauliza kama babu ameamka.

ERSILIA: Umemjibu nini?

LOREDANA: … Kwamba anahudumiwa.

ERSILIA: Usimwambie tena neno hilo. Ana miaka tisa, ataliamini. Nitawaambia mwenyewe, nikiwa nimewashika. Nakuja.

LOREDANA: Mama, chaji inaisha, simu inalia hapa. Chukua namba yangu —

ERSILIA: Nipe Nives kwanza.

LOREDANA: Itazima sasa hivi.

ERSILIA: Ndiyo maana. Mpe.

(Mlango. Mikwaruzo.)

NIVES: Bibi! Tumepanda mara mbili, na Duccio hakulia.

ERSILIA: Vizuri, mama. Mshike mdogo wako mkono, usimwachie. Bibi anakuja kuwachukua.

NIVES: Wewe? Utakujaje, bibi? Gari analo babu.

(Simu inazima.)