Elphas Kiarie Ndungu, Aliyetafuta Chanzo cha Upofu wa Ukoo Wetu

Mimi ni Wanyoike, mdogo wake marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha yake, basi mnivumilie nikisoma polepole, kwa sababu macho yangu yameanza kufuata njia ya macho ya Baba.

Ndugu yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1936 katika shamba la mzungu huko Soy, ambako Mzee Ndungu na Mama Virginia walikuwa vibarua, akapewa jina la babu, kama anavyopewa kwetu mtoto wa kiume wa kwanza, nami niliyemfuata nikapewa jina la baba yake Mama. Alianza shule ya shambani mwaka 1944, akajiunga na Makerere mwaka 1958, akahitimu katika hesabu mwaka 1962, akarudi Eldoret kufundisha.

Mwaka 1965 Baba na wenzake walinunua shamba hili la Turbo, lakini vipande vilipogawanywa mwaka 1968 Baba alikuwa haoni tena, ikabidi Kiarie amshike mkono na kumpapasisha kila kigingi cha mpaka. Upofu huo ulikuwa umempata babu na shangazi zetu wawili, na Kiarie, akiogopa kuwapitishia watoto wake, alimwambia mchumba wake, mwalimu mwenzake Adero, asimngoje.

Mwaka 1969 alianza utafiti pamoja na Daktari Ondiek, wakawafuata jamaa zetu ambao ununuzi wa mashamba ulikuwa umewatawanya Turbo, Soy na kwingineko, wakichora nani kamzaa nani, nani anaona na nani haoni, na kuwatoa damu, hata shangazi mmoja akamwuliza kama alipelekwa Makerere ili arudi akiwa mbu. Alitueleza kwamba chanzo cha upofu hakionekani, ila kikiwa kimekaa karibu na kitu kinachopimika, kama kundi la damu, viwili hivyo vitashuka pamoja kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na kwamba wasingeamini mpaka hesabu ya familia zote kwa pamoja ionyeshe kuwa jambo hilo lina uzito mara elfu kuliko bahati tupu.

Agosti 1972 walipima nyumba yetu wenyewe, ikaonekana Baba na Mama wote ni kundi O, naye Kiarie ni kundi A, jambo lisilowezekana kwa mtoto waliyemzaa. Walirudia kupima, damu ikasema vilevile. Yeye mwenyewe aliomba haya yasomwe leo, na Mama amekubali, kwamba mama aliyemzaa alikuwa mjane, kibarua mwenzake Mama pale Soy, akafa katika uzazi, na Mama, aliyekuwa ametoka kufiwa na kichanga, akamnyonyesha. Kiarie alipomwuliza, Mama alimjibu kwamba chai inapoa, na kwamba jina la babu hapewi mgeni.

Hivyo alijua kwamba hatapofuka, na siku ileile akajua kwa nini. Alijiondoa kwenye hesabu, kwa maana hesabu ilidai hivyo, akaendelea nayo kwa ajili yetu sisi tuliobaki ndani yake, lakini jamaa walikuwa wachache mno, na ile elfu haijafikiwa hadi leo.

Tarehe 14 Desemba 1974 alimwoa Adero, ambaye alikuwa bado anangoja, wakajaliwa watoto wawili, mvulana mwaka 1975 na msichana mwaka 1977, akawaita Ndungu na Virginia.

Aliugua figo kuanzia Machi 1978, akafariki hospitalini Eldoret tarehe 11 Juni 1979.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Daktari Ondiek, walimu wenzake, na majirani wa Turbo ambao wamepika na kukesha nasi wiki nzima.

Baba ameomba apelekwe kaburini kwa miguu yake, akapapase kigingi cha kichwani, na mimi ndiye nitakayemshika mkono, wakati bado ninaona njia.

Pumzika kwa amani, Kiarie, kifungua mimba wa Ndungu.