Bwawa Lilipoacha Kuwa Kijani

MENEJA: Haloo? Nani mwenzangu?

MUUGUZI: Shikamoo, shemeji. Ni mimi, mdogo wa mkeo. Laini mpya hii.

MENEJA: Marahaba. Sema upesi, niko ukumbini. Wanakaribia kuniita jukwaani.

MUUGUZI: Tumesikia. Unapandishwa cheo, kwa sababu bwawa limeacha kuwa kijani.

MENEJA: Kazi imefanyika, bwana. Mji mzima ulikuwa unalalamika maji yananuka—

MUUGUZI: Na kaburi la baba bado bichi.

MENEJA: Hayo ya Mungu, shemeji. Ini lilikuwa limechoka, mzee wa watu.

MUUGUZI: Ini la baba lilikuwa zima. [mtandao unakwaruza] Umeshakunywa maji?

MENEJA: Nini? Unakatika-katika.

MUUGUZI: Ile chupa niliyokujazia asubuhi hapa kwenu.

MENEJA: Aa, nimekunywa nusu. Ahsante, humu ndani joto si la—

MUUGUZI: Nimeyatoa kwenye dumu la baba. Lile alilokinga bombani wiki ile mliyomwaga klorini bwawani.

MENEJA: Unatania.

MUUGUZI: Nimeyachemsha, usiwe na wasi.

MENEJA: Kuchemsha hakusaidii kitu. Wewe muuguzi mzima— umeninywesha maji yale?

MUUGUZI: Kwani yana nini? Si ulisema redioni ni safi?

MENEJA: Yana sumu ya ini, wewe. Wale bakteria wa kijani sumu wanakaa nayo ndani yao. Ukiwapiga klorini wakiwa bado wanaelea, wanapasuka, sumu yote inamwagika majini. Rangi inaondoka, sumu inabaki. Nitapike? Niambie, nitapike?

MUUGUZI: Kumbe klorini haifai.

MENEJA: Inafaa, ila unachuja kwanza ule utando wote, klorini inafuata mwisho. Maabara walinieleza—

MUUGUZI: Lini?

MENEJA: Shemeji, tumbo linanisokota.

MUUGUZI: Walikueleza lini?

MENEJA: Kabla. Walinieleza kabla. Lakini kuchuja kungetuchelewesha, wageni wa wizarani wako njiani, bwawa kama uji wa mchicha, mimi ningefanyaje? Sasa nipe dawa, nimeze nini—

MUUGUZI: Meza mate. Hayo ni maji ya dukani. Yametoka kwenye zile katoni ulizoanza kuleta kwako wiki ile ile. Dada alidhani mumewe ameanza kujiona tajiri.

[mtandao unakwaruza]

MENEJA: Umenichezea.

MUUGUZI: Tumbo limetulia?

MENEJA: Sikiliza. Haya yaishie kwetu wawili. Tukikaa kama familia—

MUUGUZI: Familia imekaa. Nimeweka spika. Dada yuko hapa kitandani, kaka yuko mlangoni anarekodi. Redio ile ile iliyokutangaza inasubiri.

MENEJA: Mpe dada yako simu.

MUUGUZI: Hataki kuigusa. Ana swali moja, amenipa mimi nikuulize.

MENEJA: Nitamweleza nikifika nyumbani.

MUUGUZI: Fundi kitasa ameshamaliza kazi yake hapa, shemeji. Hufiki. Jibu hapo hapo ulipo.

MENEJA: Mwambie mke wangu kwamba—

MUUGUZI: Anauliza hivi. Ile Jumapili mlipokwenda kumwona baba, mzee akasema ana kiu. Dada akataka kuinuka, ukamwambia akae. Ukaenda mwenyewe bombani, ukamkingia, ukamshikia na glasi mpaka akamaliza. Ulikuwa umeshaambiwa?

[kwa mbali makofi, mtu anataja cheo chake kwenye kipaza sauti]

MENEJA: Haloo? Sikusikii. Wananiita.

MUUGUZI: Dada anasubiri.

MENEJA: Haloo... salio langu linaisha, nita—

MUUGUZI: Aliyepiga ni mimi, shemeji. Salio ninalo.